RAM inaisha na hakuna programu inayoonekana kuila: nani mkopaji?

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Morogoro, mwenye duka la dawa za jumla:

"Habari za kazi. Dukani kwangu kompyuta moja ndiyo mama, ina programu ya stoo, na kaunta tatu zinaingia humo kwa mtandao wa ndani. Ni Windows 10. Mwanzoni ilikuwa na RAM ya GB 8. Kila baada ya siku sita hivi ilikuwa inaanza kuwa nzito, kaunta zinaandikiwa 'Insufficient system resources exist to complete the requested service', halafu inaganda au inaleta skrini ya bluu. Fundi akaweka Windows upya, tatizo likarudi. Akaniuzia RAM nyingine, zikawa GB 16, na sasa inafika kama wiki mbili ndipo inaanguka. Task Manager inasema kumbukumbu imetumika asilimia 92, lakini nikijumlisha programu zote hazifiki hata GB 3. Na jioni tunaizima kila siku. Fundi anasema mashine imechoka, ninunue nyingine. Ninunue?"

Usinunue, dada yangu. Angalau si kwa sababu hii. Mashine iliyochoka haifuati kalenda. Diski inayokufa huangusha kompyuta siku yoyote, RAM mbovu inaweza kuiangusha saa moja tu baada ya kuwashwa, na feni iliyojaa vumbi huizima mchana wa joto kali. Yako inaanguka kwa zamu, na ulipoongeza RAM zamu ikasogea mbele. Hilo peke yake limeshatuonyesha nusu ya ugonjwa.

Hebu tupige hesabu. Siku ya kwanza baada ya kuwashwa, Windows na programu zako zinatumia kama GB 3. Kwenye GB 8 zilibaki 5, nazo zikaisha ndani ya siku sita: karibu MB 800 kwa siku. Kwenye GB 16 zinabaki 13. Ukizimega kwa MB 800 kila siku, unafika asilimia 92 siku ya kumi na nne au kumi na tano. Ndicho hicho hicho unachokiona. Kwa hiyo kuna kitu kinakopa MB 800 kila siku na hakirudishi, na kasi yake haikubadilika fundi alipoongeza RAM. Ukiweka GB 32 utapata mwezi na siku kadhaa, kisha utarudi hapo hapo.

Na kwa kuwa programu zako zote hazifiki GB 3, mkopaji hayumo kwenye orodha unayoijumlisha. Orodha ile inaonyesha programu za kawaida. Chini yake kuna kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, na ndani ya kerneli zinaishi draiva, yaani programu ndogo zinazoiunganisha Windows na vifaa au huduma fulani: ya kadi ya mtandao, ya printa, ya diski, ya antivairasi. Draiva ikitaka kumbukumbu haichukui kwa jina la programu yoyote. Inachota kwenye moja ya mabwawa mawili ya kerneli yenyewe. Bwawa la kwanza Task Manager inaliita "Paged pool". Vilivyomo vinaweza kuhamishiwa kwenye faili la diski RAM ikibana. La pili ni "Non-paged pool", na kilichomo hakitoki kwenye RAM kabisa, kwa sababu draiva inaweza kukihitaji katika wakati ambao kusoma diski hakuwezekani.

Tofauti kubwa na programu za kawaida iko hapa. Programu ya stoo ikivuja kumbukumbu, ukiifunga, Windows inanyang'anya kila ilichochukua. Draiva haifungwi hivyo. Ikisahau kurudisha kipande, kipande hicho kimepotea mpaka kerneli ianze upya. Ule ujumbe unaotokea kwenye kaunta unamaanisha kwamba kerneli ya mashine mama imeombwa nafasi ikakosa. Nimeona watu wengi wakiusoma hukimbilia kufuta picha na video kwenye diski C. Hauhusiani na nafasi ya diski.

Mbona tunaizima kila jioni?

Hapa ndipo fundi wako alipopotezwa, na simlaumu sana. Tangu Windows 8, kitufe cha "Shut down" hakizimi kila kitu kama Fast Startup imewashwa, na kwenye kompyuta nyingi inakuja ikiwa imewashwa. Kinachofanyika ni kwamba Windows inafunga programu zako na akaunti yako, kisha inaichukua kerneli pamoja na draiva zake jinsi zilivyo, inaziandika kwenye faili liitwalo hiberfil.sys, ndipo inakata umeme. Asubuhi inazirudisha kutoka kwenye faili hilo ili iwake haraka. Na deni la kumbukumbu linarudi nazo. "Restart", kwa upande wake, huanza kerneli mpya kabisa.

Usiniamini kwa maneno. Fungua Task Manager, nenda "Performance", bonyeza "CPU", tazama palipoandikwa "Up time". Kama mashine mnayoizima kila jioni inasema imewaka siku kumi na moja, jibu unalo.

Basi dawa ya leo, kabla ya kumtafuta mwizi, ni kuifunga Fast Startup. Bonyeza Start, andika cmd, bonyeza kulia uchague "Run as administrator", halafu andika:

powercfg /h off

Amri hii inaondoa pia uwezo wa kulaza mashine kwa hibernate, jambo ambalo kompyuta ya mezani ya dukani haitalikosa, na inakurudishia nafasi kadhaa za GB kwenye diski. Kuanzia hapo kuzima kwa jioni ni kuzima kweli. MB 800 za siku moja haziwezi kuijaza GB 16, kwa hiyo huenda usione tena skrini ya bluu.

Wengi wangeishia hapo, na kwa duka linalofungwa usiku inatosha kukupa usingizi. Lakini uvujaji wa namna hii mara nyingi hufuata wingi wa kazi. Siku kaunta zikiwa nne au tano, au mkianza kuuza kwa mtandao na mashine ikakesha, MB 800 zinaweza kuwa GB 3. Ni bora kumjua mhusika ukiwa umetulia. Kabla ya kuendelea, toa nakala ya hifadhidata ya stoo uiweke kwenye diski ya nje. Mashine iliyoanguka mara nyingi hivi katikati ya kazi ingeweza kuwa imeshaharibu kitu ambacho hamjakiona.

Kupima kabla ya kutuhumu

Rudi "Performance", safari hii bonyeza "Memory". Kule chini kabisa kuna "Paged pool" na "Non-paged pool". Kwenye mashine kama yako, "Non-paged pool" ya MB 200 au hata 500 hainishtui. Ikifika GB 1 naanza kuuliza maswali. Ikiwa GB 4 au 9, hakuna ubishi tena. Muhimu zaidi ya ukubwa ni mwendo: namba inayopanda asubuhi ikashuka mchana ni ya kazi za kawaida, na namba inayopanda tu ndiyo tunayoitafuta. Ili usikae ukiikodolea macho, iache mashine ijiandikie yenyewe. Kwenye dirisha lile lile la cmd:

typeperf "\Memory\Pool Nonpaged Bytes" "\Memory\Pool Paged Bytes" -si 300 -o C:\bwawa.csv

Itaandika namba hizo kila baada ya dakika tano, na faili lake linafunguka kwenye Excel. Chora grafu. Mara nyingi grafu inasema mengi kuliko fundi: ukiona mstari unapanda saa za kazi na kulala kabisa mchana wa Jumapili, basi uvujaji unakwenda na wateja, na macho yako yaelekee kwenye mtandao, printa na antivairasi. Ukipanda sawa sawa hata duka likiwa limefungwa na mashine inawaka, ni kitu kinachojizungusha chenyewe nyuma ya pazia, kama huduma ya kuhifadhi nakala au programu ya kufuatilia mashine.

Kama mabwawa yote mawili ni madogo na RAM bado imejaa, hapo si suala la mabwawa. Pakua RAMMap, programu ya bure ya Sysinternals ambayo ni ya Microsoft yenyewe, uangalie mstari wa "Driver Locked". Sidhani kama yako ni hiyo. Huo huonekana zaidi kwenye seva zinazoishi ndani ya mashine nyingine.

Kitu kimoja zaidi kabla ya kuzigeukia draiva. Ukurasa wa "CPU" una namba iitwayo "Handles": ni hesabu ya vitu ambavyo programu zimevifungua kupitia kerneli, kama mafaili na miunganisho. Makumi ya maelfu hadi laki moja na ushee ni kawaida. Ukikuta milioni, nenda "Details", bonyeza kulia kwenye vichwa vya safu, ongeza "Handles" na "NP pool", upange kuanzia kubwa. Ukiona programu moja, hata kama ni hiyo hiyo ya stoo, imeshikilia laki nane peke yake, umempata. Inafungua na haifungi, na gharama inalipwa kwenye bwawa la kerneli, ndiyo maana kwenye orodha ya kawaida inaonekana nyembamba. Huyu ni mwizi mwenye nafuu, kwa sababu ukiifunga programu vyote vinarudi. Mpigie aliyekuuzia umwambie inavujisha handles. Kama anaijua kazi yake ataelewa bila maelezo marefu.

Kusoma tagi

Sasa tuseme si handles. Waliotengeneza Windows waliiona shida hii mapema, wakaweka utaratibu kwamba kila draiva inayochota kwenye bwawa itie alama ya herufi nne kwenye kipande ilichochukua. Ni kama sufuria za shughuli: kila mama anapaka rangi yake chini ya sufuria kabla ya kuiazimisha, na watu wakitawanyika anajua ipi ni ya nani. Alama hizi zinaitwa tagi, na hesabu yake inatunzwa muda wote mashine inapowaka.

Pa kwanza pa kuzitafuta ni mahali ambapo watu hawapafungui. Ingia Event Viewer, "Windows Logs", "System", utafute tukio namba 2004 kutoka Resource-Exhaustion-Detector. Windows huliandika pale kumbukumbu inapokaribia kuisha. Ukurasa wa mbele unataja programu tatu zilizotumia kumbukumbu nyingi, na karibu kila mtu anaishia hapo, akaanza kuisingizia kivinjari. Bonyeza "Details", chagua "XML View", ushuke chini. Humo kuna "NonPagedPoolUsage" na "PagedPoolUsage", na chini yake majina ya tagi zilizochukua sehemu kubwa ya kila bwawa pamoja na idadi ya baiti. Kwa bahati, rekodi za anguko lililopita huenda bado zimo humo, kwa hiyo unaweza kumpata mhusika leo bila kusubiri wiki mbili nyingine.

Ukikosa hapo, chombo chenyewe ni PoolMon. Kinakuja ndani ya kifurushi cha Microsoft cha watengenezaji wa draiva, WDK, kifurushi kikubwa kidogo kwa anayenunua bando. Mwombe fundi akipakue kwake akuletee poolmon.exe peke yake kwenye flashi. Ifungue kwa cmd yenye haki za administrator. Bonyeza B ili ipange kwa ukubwa, kisha P mpaka safu ya "Type" ionyeshe "Nonp" tupu. Utaona mistari kama huu, ambao nimeutunga kwa mfano tu:

Xyz1  Nonp  9412330  5180114  4232216  4333789184  1024

Usome hivi: tagi Xyz1 imeomba kumbukumbu mara milioni 9.4, imerudisha mara milioni 5.2, bado inashikilia vipande milioni 4.2, na kwa kuwa kila kimoja ni baiti 1024, deni lote linakaribia GB 4. Tagi yenye afya huwa na kuomba na kurudisha vinavyofuatana kwa karibu, hata vikiwa mamilioni. Piga picha ya skrini asubuhi, nyingine jioni, nyingine kesho yake. Inayokua bila kushuka ndiyo yenyewe, hata kama leo ni ya pili au ya tatu kwa ukubwa.

Kutoka tagi hadi draiva, njia ya haraka ni kuitafuta ndani ya mafaili ya draiva yenyewe:

cd C:\Windows\System32\drivers
findstr /m /l Xyz1 *.sys

Zingatia herufi kubwa na ndogo, kwa sababu findstr inazitofautisha. Ikirudisha jina moja, bonyeza kulia faili hilo, "Properties", "Details", usome kampuni iliyolitengeneza na toleo lake. Ikirudisha majina matatu, herufi nne zimegongana tu, na itabidi uchague kwa akili: kati ya draiva ya Windows na ya kadi ya mtandao ya mwaka 2015, ningeanza na ya pili.

Ugumu unakuja tagi ikiwa ya Windows yenyewe. Ukikuta File, Thre, Toke au Proc imevimba, usitangaze kwamba Windows ni mbovu. Hizo ni alama za vitu ambavyo kerneli inavitengeneza kwa niaba ya wengine, yaani mafaili, nyuzi za kazi, vitambulisho na michakato, na maana yake ni kwamba kuna mtu anaviomba na haviachii. Rudi kwenye handles. FMfn ni ya msimamizi wa vichujio vya mafaili, ambaye chini yake zinaning'inia antivairasi na programu za kuhifadhi nakala. Andika fltmc kwenye cmd ya administrator, utaona orodha ya vichujio vyote vilivyojipachika. Mara nyingine utakuta humo jina la antivairasi uliyodhani mliiondoa miaka miwili iliyopita.

Ningeanza kumshuku nani

Umesema fundi aliweka Windows upya na tatizo likarudi. Mimi hapo ndipo ningetia kidole. Mafundi wetu wengi wana flashi moja yenye Windows, na kando yake fungu la draiva za kila aina, wanazimwaga kwenye kila mashine ili kazi iishe mapema. Kama draiva mbovu imo kwenye fungu hilo, kuweka Windows upya ni kuirudisha pale pale kwa mikono yako mwenyewe. Ndiyo maana kabla ya kupiga mashine chini tena, ningetaka kuona toleo la draiva ya kadi ya mtandao na kulilinganisha na lililoko kwenye tovuti ya mtengenezaji wa kompyuta. Mashine yenye kaunta tatu zinazoingia kutwa nzima inafanya kazi kubwa kupita kote kupitia kadi hiyo, na pakiti, yaani vipande vya data vinavyopita mtandaoni, zisiporudisha nafasi zilizochukua zinarundikana haraka.

Wa pili ni antivairasi, hasa zikiwa mbili. Ya majaribio iliyokuja na mashine, na ya "full" aliyoileta kijana wa jirani. Zote mbili zinakaa ndani ya kerneli na zote mbili zinataka kukagua kila faili linalofunguliwa. Na za kijana wa jirani zina tatizo la ziada kwamba hujui aliyezichezea aliongeza nini. Nguvu ya draiva za namna hii si ndogo: tarehe 19 Julai 2024 sasisho bovu la CrowdStrike, kampuni ya ulinzi wa kompyuta, liliangusha kompyuta za Windows milioni 8.5, kwa makadirio ya Microsoft. Ile ilikuwa draiva kusoma mahali pasipostahili, si kumbukumbu kuisha, lakini mlango ni ule ule. Bakiza moja. Windows Defender inatosha kwa duka, na antivairasi nyingine unayoiacha iondoe kwa kiondoaji cha kampuni yake yenyewe, maana kuiondoa kwa kawaida tu mara nyingi huacha draiva nyuma.

Wa tatu ni dongle ya USB ya leseni, yaani kifaa kidogo kinachochomekwa ili programu ikubali kufunguka, kama programu yenu ya stoo inayo. Draiva zake huwa za zamani na hakuna anayekumbuka kuzisasisha.

Utakayemshuku, mbadilishe peke yake, kisha uiache mashine ikiwaka na typeperf iandike siku tatu nne. Ukibadilisha vitu vitano kwa jioni moja na mstari ukalala, hutajua kilichoponya, na siku fundi akirudi na flashi yake mtaanza upya. Kama sasisho jipya ndilo lililoleta balaa, "Device Manager" ina kitufe cha "Roll Back Driver".

Neno kuhusu ushauri ulioko YouTube wa kuzima huduma iitwayo Ndu kwenye rejista ya Windows, yaani hifadhi ya mipangilio yake, kwa kuandika thamani iitwayo Start kuwa 4. Ndu ni draiva ya Windows inayohesabu matumizi ya data. Kwa baadhi ya watu ushauri huo umeponya kweli, kwa sababu kwao ugomvi ulikuwa kati ya Ndu na draiva ya kadi ya mtandao. Wengine wanaufuata, hawaoni tofauti, wanaendelea kuzima huduma moja baada ya nyingine mpaka Windows inabaki mifupa. Soma tagi kwanza.

Jina lililoandikwa kwenye skrini ya bluu

Kama ulipiga picha skrini ya bluu, usimhukumu aliyetajwa pale bila ushahidi mwingine. Bwawa likikauka, draiva itakayofuata kuomba nafasi itanyimwa. Iliyoandikwa vizuri itapokea jibu hilo na kurudisha kosa kwa utulivu. Hiyo ndiyo inayozaa ule ujumbe wa kwenye kaunta. Iliyoandikwa kwa haraka haikagui kama imepewa, inaendelea kuandika mahali pasipokuwepo, na mashine nzima inaanguka kwa SYSTEM_THREAD_EXCEPTION_NOT_HANDLED au kitu cha aina hiyo. Jina litakalotajwa ni la huyo wa mwisho kuomba, na aliyelimaliza bwawa hata hakuguswa. Ndiyo maana kwenye mashine zinazovuja, skrini ya bluu inataja jina tofauti kila safari, na hilo nalo ni dalili.

Ushahidi mwingine umo kwenye faili la anguko, C:\Windows\MEMORY.DMP. Mtu anayejua WinDbg, chombo cha Microsoft cha kuchunguza mafaili kama hayo, akilifungua na kuandika !poolused 2, atapata orodha ya tagi zilizokula "Non-paged pool" wakati mashine ilipoanguka. Mafaili madogo yaliyomo kwenye folda ya Minidump hayatoshi kwa kazi hii. Hakikisha tu kwamba faili la kuhamishia kumbukumbu, "paging file", lipo na linasimamiwa na Windows yenyewe. Kuna wanaoliondoa wakidhani mashine itakuwa nyepesi. Wanachopata ni kumbukumbu inayoisha mapema zaidi na anguko lisiloacha alama.

Driver Verifier nayo utaisikia ikitajwa. Ni chombo kizuri, kinaibana draiva mpaka ikosee hadharani, lakini kazi yake ni kuiangusha mashine kwa makusudi, na ikiishika draiva inayohitajika wakati wa kuwaka, mashine itazunguka bila kufika kwenye dawati. Kwenye kompyuta mama ya duka linalofanya kazi, usiiguse. Kama kuna aliyeshaigusa na mmekwama, ingia "Safe Mode", andika verifier /reset.

Wasomaji wenye Windows ya biti 32 kwenye mashine za zamani wajue kwamba kwao mambo ni mabaya zaidi. Kwenye XP na Server 2003 za biti 32, "Non-paged pool" haikuweza kuzidi MB 256, na kwa aliyewasha /3GB, chaguo la kuzipa programu nafasi kubwa zaidi na kuipunguzia kerneli, ilishuka hadi 128, RAM iwe kiasi gani. Na kwa wenye seva za Linux: angalia SUnreclaim ndani ya /proc/meminfo. Ikiwa inapanda tu, slabtop itakuonyesha ni aina gani ya vitu. Msishangae kuona kerneli inaua MySQL, programu ya hifadhidata, kila usiku huku aliyeijaza kumbukumbu ni moduli ambayo haiwezi kuuawa.

Kwako, dada yangu, mpangilio ungekuwa nakala ya hifadhidata leo, powercfg jioni, na tukio 2004 kesho asubuhi kabla ya wateja hawajaanza kuingia. Ukikuta tagi usiyoielewa, niandikie hizo herufi nne jinsi zilivyo, uniambie findstr ilirudisha jina gani, na uniwekee picha ya grafu ya siku tatu. Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida ya usalama Oktoba 2025, kwa hiyo suala la kuhamia toleo jingine mtalizungumza na fundi kwa wakati wake. Mkihama, msiende na lile fungu la draiva la kwenye flashi. Na zile GB 8 alizokuuzia ziache humo humo, hazina kosa.